Siki Isiyozimuliwa

Wanangu, kwanza mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la nne, na mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu. Nikiandika mstari mmoja napumzika, nachungulia chungu jikoni, kisha narudi. Mkikuta herufi imeruka, iwekeni wenyewe. Tangu utoto mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na haya ya leo nilishindwa kumwambia mjukuu wangu Rehema ana kwa ana. Ndiyo maana nayaandika, ayasome yeye na wenzake.

Rehema alikuja kunitembelea hapa Misima kutoka kwao Manundu. Jioni akatoa chupa kwenye mkoba, akamimina kitu kwenye pamba. Nyumba nzima ikanuka uchachu.

"Hiyo nini, mjukuu wangu?"

"Siki ya tufaha, Bibi. Ya kupaka usoni. Unalala nayo, chunusi zinakwisha zenyewe."

"Umeitia maji?"

"Maji ya nini tena, Bibi? Si itapungua nguvu!" Akacheka.

Niliinuka nikatoka nje, nikajifanya nafukuza kuku. Maneno yale yale niliyasikia nikiwa na umri wake, na aliyeyasema alikuwa akinipenda.

Mwanangu, nakumbuka siku nilipowekwa ndani kama mwali, nikingoja harusi. Zilikuwa zile zama za kuhamia vijijini. Sisi tulikuwa tumekwishatoa vitu vyetu kule porini, kila ukoo ulikokuwa peke yake, tukaletwa kwenye nyumba zilizopangwa mstari, udongo wa kuta haujakauka vizuri. Kabla ya hapo kijana mmoja aitwaye Salehe, aliyekuwa akiishi na wazazi wake Korogwe, alikuja kwetu na mjomba wake kununua mbuzi. Alinikuta kisimani nikihangaika na ndoo. Akanitwika, akasema, "Dada, wewe husemi?" Nikatikisa kichwa. Akasema, "Basi mimi nitasema kwa wawili." Hayo tu. Lakini mama yake alipokuja kuposa, nilijua ni nani aliyemtuma, na moyo wangu ukawa kama wa mtu aliyepewa kitu akatazama nyuma kuona kama kweli ni chake.

Kwetu binti aliyeposwa alikuwa mwali. Alikaa ndani muda mrefu, hapigwi jua, anakula vizuri, anafundwa, mpaka atoke na uso laini. Na mwali hasemi. Sauti yake isisikike, hata na wanawake wanaomhudumia chumbani. Akitaka kitu, anagonga ukingo wa kitanda kwa vidole. Akigonga, analetewa maji. Mimi sikuona taabu. Nilikuwa mtu wa kunyamaza tangu hapo, nikajiona kama mwali wa kuzaliwa.

Taabu ilianza kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Alipita akihesabu watu wa shamba la kijiji, nikamsikia ukutani akibishana na Bibi yangu, aliyenilea.

"Mama, kwenye nyumba hii napungukiwa mtu mmoja."

"Huyo mmoja ni mwali."

"Mwali mpaka lini? Mahindi ya kijiji hayangoji harusi ya mtu."

"Mimi nilikaa ndani mpaka msimu ukageuka!"

"Enzi zako, mama, kila mtu alikuwa na pori lake. Sasa tuko kijijini. Palizi ikianza namtaka shambani, na jembe lake."

Bibi akatukana kidogo kwa Kizigua, balozi akacheka, lakini neno lake likabaki. Siku ya harusi ikavutwa karibu, iwahi kabla ya palizi. Na mimi uso wangu, mwanangu, ulikuwa umejaa chunusi, nyingine nimezitumbua mwenyewe kwa kucha, bado mbichi.

Shangazi yangu Mwajabu ndiye aliyekuwa kungwi wangu. Alikuwa mwanamke wa mjini kidogo, akiuza maandazi na chai pale Mombo, mabasi yanaposimama kabla ya kupanda milimani. Huko alikuwa na rafiki, mama mmoja wa Lushoto aliyeteremsha matufaha, haya mnayoyaita maepo. Yaliyopondeka njiani hayakununuliwa na abiria. Yule mama aliyakatakata, akayatia kwenye mtungi na maji na sukari kidogo, akafunika kitambaa, akayaacha mpaka yakawa siki. Kidogo alitia kwenye kachumbari, na kidogo alizimua kwa maji mengi, akajifutia uso asubuhi. Shangazi alisema uso wa yule mama ulikuwa kama wa mtoto wa maziwa.

Alikuja nayo chupa nzima. Nilimsikia Bibi akimuuliza, "Rafiki yako alisema inatumikaje?"

"Alisema kijiko kwenye kikombe cha maji. Lakini yeye ana mwaka mzima wa kujifuta, sisi tuna palizi mlangoni. Nikitia maji itapungua nguvu. Siku za kukaa kivulini wametupunguzia, basi dawa tuongeze."

Bibi akasema, "Haya, wewe ndiye mjuzi." Wakacheka wote wawili. Sikusikia hila yoyote katika kicheko kile, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningekuwa na adui ningepata pa kupeleka hasira yangu.

Akachovya kitambaa kwenye siki tupu, akanifunika uso, akakifunga kisogoni ili kisidondoke. Mwanzo ilikuwa baridi. Kisha zile chunusi mbichi zikaanza kuchoma, moja baada ya nyingine, kama mtu anayewasha mishumaa. Kisha uso wote. Nikagonga ukingo wa kitanda.

Shangazi akaniletea maji ya kunywa.

Nikainua kitambaa, nikayanywa nusu. Nusu nikajimwagia shavuni. Akanipiga mkono. "We mtoto! Nimetoka Mombo na chupa mapajani, wewe unaiosha dawa? Inachoma kwa sababu inafanya kazi. Vumilia, mwali wa watu." Akachovya tena, akafunga tena.

Nikagonga tena. Akaleta maji tena, akanishikia kikombe yeye mwenyewe ili nisimwage.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku. Ngozi ilipoanza kubabuka, alifurahi, akamwita Bibi aje kuona. "Ya zamani inatoka. Mpya iko chini." Na kweli, chini palikuwa na ngozi mpya, nyekundu, yenye majimaji. Akaipaka siki hiyo hiyo. Neno lilikuwa kinywani mwangu, mwanangu. Lilikuwa neno dogo tu: basi. Nililitafuna nikalimeza, kwa sababu nilifundishwa kuwa mwali anayesema anaaibisha nyumba, na mimi nilipenda kusifiwa kuwa nimefundika.

Siku ya kutolewa nje wanawake walijaa uani. Bi Zaina, mama yake Salehe, alikaa mbele kwenye mkeka, na wenzake wakimtania. "Bi Zaina, fumba macho kidogo, usije ukapofuka kwa uzuri wa mkweo!" Mwingine akasema, "Afumbe ya nini? Mahari ametoa yeye, mwacheni atazame mali yake!" Vicheko, vigelegele. Nikatolewa nimefunikwa kanga mbili, Shangazi akiniongoza kwa mkono.

Kanga ilipoinuliwa, jua likanipiga usoni na nikafumba macho kwa maumivu. Kwa hiyo sikuona nyuso zao. Nilisikia ngoma tu. Ngoma moja ikanyamaza, nyingine ikaendelea kidogo, nayo ikanyamaza. Mashavu yangu yalikuwa na mabaka meusi kama chapati iliyoungua, na katikati vidonda.

Bi Zaina hakupiga kelele. Aliuliza taratibu, "Huyu ndiye yule tuliyemposa?"

Shangazi akasema, "Ndiye. Dawa haijatulia. Subirini kidogo."

"Dawa ya nini? Mlikuwa mnaficha ugonjwa?"

"Hakuna ugonjwa, Bi Zaina. Ni siki tu."

"Siki ya kutia kwenye mboga?" Hapo mtu akacheka nyuma, na kile kicheko kimoja kikamaliza kila kitu. Bi Zaina akasimama, akajikung'uta kanga. "Sisi tutakwenda kushauriana nyumbani."

Hawakurudi. Salehe aliniahidi kuwa atasema kwa wawili. Hakusema hata kwa mmoja. Nilisikia baadaye kwamba ameoa.

Jioni ile Bibi aliingia chumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda, ule ule. "Na wewe mjinga," akasema. "Uso umeungua, sawa. Mdomo nao uliungua?"

"Niligonga, Bibi."

"Kugonga ndiyo kusema?"

Ndipo nikasema kwa sauti, mara ya kwanza tangu niwekwe ndani. "Mlinifundisha mwali hasemi."

Bibi akainuka, akatoka. Asubuhi nilisikia shoka. Alikuwa amekitoa kile kitanda uani, anapasua ukingo wake kuni. Na binti aliyefuata kuwekwa ndani nyumbani kwetu nilimsikia Bibi akimfunda: "Ukiumia, piga kelele mpaka balozi asikie."

Yeye alipata faida ya uso wangu. Sikumwonea wivu, lakini sitasema nilifurahi.

Palizi ilipoanza nilikwenda shamba la kijiji na jembe langu, kama balozi alivyotaka, kanga nimeishusha mpaka kwenye nyusi kwa sababu jua lilinichoma kuliko wenzangu. Shangazi Mwajabu hakuniomba radhi hata siku moja. Alisema ngozi yangu ndiyo mbaya, maana siki haikumdhuru rafiki yake wa Lushoto. Kila nilipopita Mombo kwenye basi aliniona, akaja mbio dirishani, akanitilia maandazi ya moto mapajani na kukataa pesa. Nilisema, "Ahsante, Shangazi." Basi likiondoka niliwagawia waliokaa karibu. Sikuwahi kula hata moja. Nikaolewa baadaye, mke wa pili, na babu yenu, mtu mpole asiyeuliza mambo. Mabaka mnayaona mpaka leo. Nyinyi mlidhani ni uzee.

Basi, Rehema mwanangu, na wewe mwingine unayesoma, nasaha yangu ni hii. Siki si adui. Lakini ukitaka kuitia usoni, izimue kwa maji mengi, na uijaribu kwanza kidogo mkononi, ungoje mpaka kesho uone. Penye kidonda au chunusi iliyotumbuka usiipeleke. Usilale nayo, usiifungie kitambaa. Ikichoma, osha kwa maji mengi ya baridi, uiache, na ngozi ikibabuka nenda hospitali. Ngozi ya rafiki yako si yako. Na anayekwambia kuwa maumivu ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi, hata kama anakupenda, hata kama ni shangazi yako, usimwamini kwa hilo.

Heshima mwape wakubwa. Shikamoo semeni, magoti pigeni. Lakini neno basi ni lenu, msimpe mtu awatunzie. Mimi nililitunza vizuri mno.

Mwenyezi Mungu awape nyuso zenye afya, awape na sauti, na awape watu wanaosikia mnaposema mara ya kwanza.

Nimechoka mkono, naishia hapa. Rehema, nijibu kama umeitia maji ile siki. Na nyinyi wengine niandikieni, kwa mwandiko wowote, hata mbaya kuliko huu wangu. Kama kuna mahali panawauma na mmeambiwa mnyamaze, niandikieni hapo hapo panapouma. Nitasoma taratibu, lakini nitasoma yote.