Kikohozi cha Spika ya Kushoto

Nilipokuwa mtoto wa kulala chumba kimoja na bibi yangu, pale Kiponda, nilijua kwamba marehemu babu hurudi nyumbani kila Alhamisi, na kwamba hupitia kwenye spika ya kushoto.

Babu alikuwa baharia. Katika safari yake moja alirudi na stirio nzito yenye redio, sanduku lake la mbao, nobu za chuma, na kioo kirefu kilichowaka buluu. Alipofariki, Bibi hakuruhusu mtu kuigusa. Watu wazima walisema roho za wafu hurudi majumbani usiku wa kuamkia Ijumaa, kutazama kama bado zinakumbukwa. Basi kila Alhamisi baada ya Alasiri Bibi aliweka chetezo mbele ya stirio, akaifukiza ubani, akaiwasha kwa sauti ndogo. Mimi nilijilaza mkekani nikitazama moshi ukipita kwenye ule mwanga wa buluu, nisijue nimelala au ni macho. Jua likikaribia kuzama, spika ya kushoto ilikohoa. Ilinyamaza, ikakohoa tena.

Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akikohoa babu. Kwetu mwanamume mwenye adabu haingii ndani kimyakimya. Hukohoa ukumbini kwanza, ili wanawake walio vichwa wazi wapate kujitanda. Bibi naye alivuta kanga kichwani, akajiweka sawa, akasema taratibu, “Karibu.” Alikuwa mkali kama pilipili, anatukemea kutwa, lakini saa ile uso wake ulikuwa wa bibi harusi. Nilimpenda mno saa ile.

Baba hakuwa na subira na mambo hayo. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, naye alitaka adhana ya Magharibi ya redioni isikike bila mikwaruzo. Akasema ataita fundi.

“Nnakwambieni,” Bibi alisema, “mkiifungua, aliyemo atatoka.”

Baba alicheka, akajibu kwamba aliyemo ni vumbi.

Fundi Hamadi, jirani yetu, alikuja Alhamisi asubuhi. Alipoinua mfuniko, chumba kizima kilinukia ubani. Moshi wa miaka yote ulikuwa umegandia mle ndani, mweusi na wa kunata. Alizisafisha nobu kwa spiriti, kisha akaiwasha stirio na kuiacha ipate joto. Akaanza kugongagonga ndani kwa mpini wa brashi ya mbao, hapa na pale, mpaka spika ikakohoa. Bibi, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, akavuta kanga kichwani. Fundi akagonga pale pale. Ikakohoa tena. Bibi akaishusha kanga polepole, akaendelea na mchele wake.

Fundi alituonesha kosa lenyewe: tone la risasi ya kulehemu lililopasuka. Likipata joto huachia waya, alisema, na ndicho hicho kikohozi. Akachomoa umeme, akalitoa lile tone kuukuu, akalehemu upya. Spika zote mbili zikaimba safi kabisa. Baba alifurahi kama kaletewa stirio mpya.

“Kazi nzuri, mwanangu,” Bibi alimwambia fundi. “Sasa nambie, huyo uliyemtoa umemweka wapi?”

Fundi alidhani anataniwa, akatabasamu. Alipomtazama usoni akaacha. Akaiokota ile chembe ya risasi juu ya gazeti, akampa kwa mikono miwili. Bibi akaifunga kwenye pindo la kanga.

Jioni ile alifukiza kama kawaida, akaiwasha. Jua likazama na hakuna aliyekohoa. Alikaa na kanga mabegani mpaka adhana ikasikika, wazi, pande zote mbili. Tangu siku hiyo hakuiwasha tena kwa mkono wake, ingawa ubani hakuacha kuifukiza mpaka alipofariki. Onyo lake lilikuwa limetimia, na katika nyumba ile nadhani ni mimi tu niliyeliona.

Sasa stirio iko kwangu, Kiembe Samaki. Mimi ni mtu mzima, najua kwamba risasi hupasuka na masizi huganda, na sina ugomvi na Fundi Hamadi. Alisema kweli. Ila Bibi alikuwa na mgeni mmoja tu kwa wiki, nasi kwa nia njema kabisa tukamzibia njia. Hilo bado linaniuma. Hakuna aliyemuuliza Bibi kama kile kikohozi kinamsumbua.

Siku hizi spika ya kushoto imeanza tena. Mume wangu anasema niite fundi, kazi yenyewe ndogo. Nimemwambia nitaita, na kila wiki nasahau kwa makusudi. Alhamisi iliyopita nilikuwa nakuna nazi ilipokohoa, na kabla sijafikiri lolote mkono wangu ulikuwa umeshaifikisha kanga kichwani. Mume wangu aliyekuwa amekaa mbele ya stirio akageukia mlangoni, akauliza nani kaja.

Nikamwambia asogee kidogo, awapishe wenye stirio yao.