Mbwa Aliyeitika "Toka"

Nilikwenda Bujumbura kununua dawa ya kuku, nikarudi Rumonge na mbwa mzee. Mpaka leo siwezi kueleza vizuri ilivyotokea. Daktari wa mifugo ninayemwendea huwahifadhi nyuma ya duka lake mbwa walioachwa na wenyewe. Huyu alikuwa amekaa mwisho kabisa, uso ameuelekeza ukutani, mvi zimemjaa mdomoni. Mtunzaji wao aliniambia kwamba mwenye mbwa huyo alihama nchi, na hakuna anayetaka mbwa wa umri huo. Nikajisikia nasema, "Mimi nitamuchukua." Dawa ya kuku niliisahau palepale.

Nyumba ni ya mama, na mama ni mtu wa swala tano. Alitusimamisha langoni.

"Mutoto wangu, nimekutuma dawa ya kuku, unaniletea mbwa? Tena muzee?"

Hakutufukuza, ila aliweka sharti: mpaka Ijumaa. Mbwa akikubali kukaa na watu, atabaki uani. Akiendelea kujificha, atarudishwa, kwa sababu mnyama mwenye hofu namna ile, alisema mama, siku moja atamuuma mtu. Wakati anasema hayo, mbwa alikuwa amekwisha kujipenyeza nyuma ya mapipa matupu ya mawese.

Siku nne nilipiga magoti mbele ya mapipa yale. Nilimwita "njoo" kwa Kiswahili safi, nikamwita "kuya" kama tunavyosema mtaani, nikamwita "ngwino" kwa Kirundi, na hata Kifaransa nilijaribu, huenda mwenyewe wa zamani alikuwa mtu wa ofisi. Kila nilipoita alirudi nyuma zaidi. Chakula alikigusa nikishaondoka tu. Nilimkasirikia, kisha nikaona aibu kumkasirikia kiumbe anayetetemeka. Kosa langu lilikuwa wapi? Sikulijua. Alhamisi nililia, mtu mzima mimi, kwa ajili ya mbwa.

Ijumaa asubuhi nilichukua kamba ya kumfunga kwa safari. Mama akachukua ufagio, akagonga pipa.

"Toka! Toka hapa!"

Mbwa akatoka. Hakukimbia. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, mkia unatikisika chini chini, akakaa mbele ya miguu yake na kumtazama usoni. Mama akakusanya kitenge chake, asiguswe na ile pua yenye maji.

"Nimesema toka!"

Mbwa akasogea karibu zaidi. Mama alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, ufagio bado uko juu.

"Huyu mbwa iko na akili kweli?" aliniuliza. Mimi nilikuwa bado nimeshika kamba yangu.

Nilimpigia simu yule mtunzaji. Alicheka sana.

"Dada, kila asubui nikifungua mulango wake nasema toka. Akitoka namupa chakula, kisha tunatembea mpaka ku ziwa. Hiyo tu ndiyo anajua."

Nilimweleza mama, naye akashusha ufagio. Neno hilo ndilo tunalowatupia mbwa wote wa mtaa wetu, mara nyingi pamoja na jiwe, na huyu alikuwa amelisubiri siku nne nzima. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja, nikashindwa kujua nianze na lipi.

"Sasa," mama alisema hatimaye, "siku nikitaka kumufukuza, nitatumia neno gani?"

Kamba nikaitundika msumarini.

Jumamosi nilipoamka nilimkuta mama uani, ameinama mbele ya mapipa na sufuria ya makombo mkononi. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mdogo, nikiumwa homa.

"Toka, muzee. Toka, baba, toka."