Nilipiga "N" kila driver nisiyoijua, kompyuta ikagoma kunisikia

Mwakeye wakuu.

Hiki kimenitokea mwenyewe hapa Kasulu, na nilipokosea nitasema nilikosea. Shule niliishia form two, haya mambo ya Linux nimeyaokota kwenye video za simu. Wataalamu mtanivumilia.

Nina steshenari yenye kompyuta moja ya zamani. Inawaka polepole mpaka mteja anamaliza kusalimia ukoo mzima. Nikasikia mtu anaweza kujitengenezea kernel, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayobeba driver, yaani programu za kuendeshea vifaa vyote, akatoa asizozihitaji, mashine ikawa nyepesi.

Nikafungua menu. Majina mamia kwa mamia, na kila moja unaulizwa: liwepo au lisiwepo?

Nililolijua, Y. Nisilolijua, N. Kuna kitu kinaitwa HID. Sikijui. N.

Nikaitengeneza kernel mpya, kisha nikafuta na ile ya zamani, ambayo ningeirudia mambo yakiharibika, ili nipate nafasi. (Najua. Msinitukane bado.)

Kesho yake saa sita mchana akaja Mwalimu Rehema. Alikuwa amepata mwenzake wa Buhigwe wa kubadilishana naye kituo, ili ahamie kwa mumewe. Barua yake na vyeti alivyoskani vilikuwa kwenye mashine yangu, vyeti vyenyewe viko kwao Kibondo. Mwisho wa kupeleka ofisini ni siku hiyo hiyo, saa tisa na nusu.

Nikawasha. Haki yake niipe: iliwaka haraka kuliko siku zote. Ikafika pa kuandika password, ikasimama.

Nabonyeza, kimya. Mouse nayo imekufa. Kumbe HID ndiyo inayobeba kibodi na mouse za USB.

"Umesahau password?" mwalimu akauliza.

"Naikumbuka."

"Basi iambie."

"Haitanisikia mwalimu. Nimeiondolea masikio."

Akavuta kiti. "Sawa fundi. Ngoja nimwambie mume wangu ndoa imekwama kwenye masikio."

Alicheka, ila macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Mimi nilitamani nijifiche chini ya meza.

Ndipo nikakumbuka zile kibodi za kizamani za plagi ya duara. Zenyewe zina driver nyingine, ambayo sikuigusa. (Kwa bahati, si kwa akili.) Tundu lake lipo nyuma ya mashine. Kibodi yenyewe nilishampa Mzee Idrisa wa duka la vitenge, nikamwambia ni takataka, wajukuu wachezee.

Nikakimbia dukani kwake.

"Takataka unaitakia nini?" akaniuliza.

"Naiomba tu, mzee wangu."

"Si ulisema hata makumbusho wataikataa?"

"Nilisema."

"Haya, waambie na hawa wateja kwamba ni nzuri."

Nikawaambia. Mama mmoja akanipigia makofi.

Kibodi ilikuwa na vitufe vitatu vimeng'oka, lakini ikakubali. Nikaingia, nikarudi kwenye menu, safari hii nasoma maelezo. Nikakuta hata printa niliipiga N! Kuzitengeneza upya hizo driver kulichukua zaidi ya saa nzima. Mwalimu akawa anasahihisha madaftari, kila akipata kosa ananionyesha: "Huyu naye kajibu bila kusoma swali."

Karatasi ya mwisho ilitoka saa tisa na dakika kumi. Akarukia bodaboda. Ofisini wakapokea, na sasa hivi yuko Buhigwe kwa mumewe.

Nilichojifunza: zile driver sikuzitoa kwa sababu hazina kazi. Nilizitoa kwa sababu mimi sizijui, nikadhani ni kitu kimoja.

Wenye uzoefu nisahihisheni hapo chini. Anayejua cha kutoa aseme, ila aseme na kazi yake.

Kibodi nilitaka kuirudisha, Mzee Idrisa akakataa. Ila kila Ijumaa akienda msikitini anachungulia mlangoni: "Takataka yangu haijambo?"

Namjibu haijambo, mzee.