Gego la Evanthia

Ukikaribia mkahawa wa dada yangu Evanthia, pale bandarini Kavala, Ugiriki, ulimsikia kabla ya kumwona: anatafuna barafu. Akitengeneza kahawa ya baridi, vipande viwili vinaingia kwenye bilauri, cha tatu mdomoni mwake. Mimi niliyeosha vyombo nilishazoea. Mama mkwe wake, Polikseni, hakuzoea.

"We mke mwana, umeolewa na mwanangu au na friji?"

"Niache, mama. Nisipotafuna, kichwa hakitulii."

Mwezi wa tano gego likapasuka. Alitema kipande kiganjani, akakitazama, kisha akavua aproni. Nikamsindikiza kwa Sevasti, daktari wa meno. Sevasti alilikagua jino, akatazama ufizi, halafu akamvuta kope ya chini. Ndani kulikuwa kweupe.

"Barafu unatafuna kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Bakuli nne kwa siku," nikasema. Akanikata jicho.

"Na ngazi unapanda bila kupumzika?"

Evanthia akatikisa kichwa.

"Jino nitaliziba," Sevasti akasema. "Lakini hamu ya namna hii mara nyingi inatokana na upungufu wa damu. Kapime."

Akapima. Damu ilikuwa pungufu, madini ya chuma karibu yamekwisha. Kumbe kwa miaka mitatu hedhi yake ilikuwa nzito mno, naye hakumwambia mtu. Alitibiwa hedhi, akapewa na vidonge vya chuma, avimeze kwa maji ya machungwa, si kwa kahawa. Kesho yake Polikseni akaja na sufuria ya maini.

"Kula, mwanangu. Nilidhani ni utundu, kumbe unaumwa. Nisamehe."

Evanthia akala huku machozi yanamtoka.

Wiki ya tatu mkahawa ukawa kimya. Barafu aliisahau mwenyewe, bila kujilazimisha.

Mwezi wa saba, sikukuu ya Nabii Eliya, tukapanda mlima kwenda kwenye kanisa lake dogo kileleni. Mwaka uliotangulia Evanthia alikomea kona ya pili, akarudi nyumbani akisingizia kiatu. Safari hii alinipita kwenye kona hiyohiyo, akawapita na wapiga zurna, zumari zetu za sherehe, wala hakugeuka. Nilipofika juu nikihema, ngoma ilikwisha kuanza. Evanthia ndiye aliyeongoza mduara, leso mkononi, rangi imemrudia usoni.

"Mtazame," Polikseni akamwambia padri, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Huyo ni mke mwana wangu."