Mama Alikuwa Ameshaaga

Simu ya mtu nisiyemjua ikianza kwa dua ndefu, mimi huanza kumtilia shaka hapo hapo. Watu husema nina ukali. Ninao, na sioni haya kusema, maana umenilinda mara nyingi. Hapa Amu, yaani Lamu mjini, tumezoea kumpima mtu kwa salamu yake, kwa kanzu yake, kwa jinsi anavyolitaja jina la Mungu. Matapeli wameshalijua hilo. Hawavunji mlango tena. Wanapiga hodi kwa adabu na sisi tunawafungulia.

Aliyemjia mama alipitia darasa la wanawake la alasiri. Alijitambulisha kuwa wakala wa safari za umra, mwenye ofisi Mombasa, na kwamba anakusanya kundi la kina mama wa Lamu. Alikuwa na kanzu safi na sauti ya chini, na mbele ya wanawake hainui macho. Mama alimpenda siku ile ile. Mama ni mjane, anashona kofia, na akiba yake ya kofia ilikuwa ya safari hiyo tu. Mimi nakaa mtaa wa Wiyoni kwa mume wangu. Habari iliponifikia, akiba ilikuwa imeshakwenda, na pasipoti nayo.

Nikamuuliza kama ofisi ya huyo bwana ameiona kwa macho yake. Akanijibu kwamba mimi nimezaliwa na shaka, hajui nimeirithi kwa nani.

Yule mtu aliwashauri kina mama waanze kuaga mapema. Nilipousikia ushauri huo niliuona mzuri, hata nikafurahi. Kwetu mtu haendi Makka kimyakimya. Huzunguka mtaa nyumba kwa nyumba, akawaomba radhi aliowakosea na wasiokumbuka kukosewa. Wenye nyumba nao humlilia, humwombea, kisha humpa amana: huyu pesa kidogo za kutoa sadaka kule, huyu jina la mtoto mgonjwa la kuombewa, huyu chupa ya kuletewa zamzam. Mama alizunguka mpaka miguu ikavimba. Aliingia hata nyumba ambayo hakuwa amesema nayo tangu ugomvi wa maji ya paa. Tangu hapo kila aliyepishana naye njiani alimuuliza safari lini.

Ndipo simu zikaanza. Viza imekwama, ongezeni kidogo. Mama akaongeza. Hoteli imebadilika, ongezeni tena. Akaongeza tena, na mimi hakuniambia.

Alasiri moja nikaingia bila kutarajiwa, nikamkuta amekaa kitandani anazifunga bangili zake kwenye leso. Ni bangili za dhahabu alizopewa na baba siku ya harusi yao, na hana dhahabu nyingine.

"Waenda wapi na bangili, mama?"

"Kwa sonara. Tiketi zimepanda."

"Na zikipanda tena?"

Alikaza fundo la leso. "Mwanangu, mimi nimeshaaga. Sasa nikae mui huu wa Amu na uso gani? Kila ndia nipitayo naulizwa."

Hapo nikaielewa kazi ya yule mtu. Alijua kwamba mwanamke wa Amu aliyeaga mtaa mzima ataona afadhali auze kitanda anacholalia kuliko kuonekana wiki inayofuata bado yuko dirishani kwake. Imani ya mama ndiyo iliyomfungulia mlango, lakini kilichomwezesha kuendelea kumkamua ni aibu. Niliumia sana. Nilimwonea mama huruma, na papo hapo nilitamani kumtia yule bwana makofi.

Nikampigia mbele ya mama, simu nikaiweka spika. Sikumtukana. Nilimwomba mambo ambayo mtu mkweli huyajibu bila kuvuta pumzi: anitajie mtu mmoja wa Lamu aliyempeleka umra akarudi salama, anitajie ndege, na ampe dereva wa basi la Mombasa pasipoti ya mama ije kesho niione. Mpaka leo nawaambia wanawake wa Wiyoni waulize hivyo hivyo, na wasione vibaya kuuliza. Kwanza aliniita dada yangu, kwa upole. Nilipoyarudia maswali, sauti ikabadilika.

"Mche Mungu, dada. Usimzuie mzazi wako na nyumba ya Mola wake."

"Mungu namcha," nikamwambia. "Nisiyemwogopa ni wewe. Leta pasipoti."

Akakata. Nilipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Nilidhani mama ameshasikia vya kutosha. Kumbe!

"Umemuudhi," akasema. "Sasa ataniacha."

Nilikaa chini kando yake. Nikatupa macho kwenye kasha lake, pale alipoweka amana za watu, kila moja imefungwa kitambaa chake. Nikamuuliza, basi tu niseme kitu, kama yule mtu anajua kwamba ana amana.

Mama alilitazama kasha. "Aliziomba yana. Alisema nimpe, atanirudishia tukifika. Nikamwambia hizo si zangu."

"Mtu wa kukupeleka Makka, mama, akuombe amana za watu?"

Aliinamisha kichwa, na nikaona kwamba swali hilo alikuwa nalo tangu jana, amelibeba peke yake. Kisha akalifungua fundo la leso, akazivaa bangili moja baada ya nyingine, akavaa na buibui. Alisema amana zirudi kwa wenyewe, leo hii.

Tulianza kwa jirani aliyepakana ukuta na mama. Ni mwanamke wa rika la mama, waliolewa mwaka ule ule. Mama alimnyooshea kitambaa chenye amana yake.

"Sendi tena. Yule mtu ni mwizi."

Jirani hakukipokea. Alikaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Ilibidi tungoje mpaka aweze kusema. Yeye alimlipa mtu yule yule kabla ya mama, akazungushwa, akaombwa nyongeza, halafu akawa hapokei tena simu zake. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Na mama alipokuja kumuaga, alijua mama naye amenaswa na mtu huyo huyo.

"Niliona haya," alisema. "Nikasema labda wewe atakupeleka."

Damu ilinipanda. Nilikuwa na maneno ya kumtosha mwaka mzima, na nilishafungua mdomo. Mama akanishika mkono kwa nguvu.

"Ungalinambia," akamwambia mwenzake, basi. Kisha akamwinua. "Vaa buibui lako. Twende sote."

Tukatoka watatu. Nilidhani tutaingia nyumba ya pili kama tulivyoingia ya kwanza, kwa hodi na sauti ya chini, mambo ya wanawake yabaki ndani. Mama hakupiga hodi. Alisimama katikati ya kichochoro, mbele ya wanaume waliokaa barazani wakinywa kahawa. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia mama akipaza sauti nje ya nyumba yake.

"Nimeibiwa!" akasema. "Mimi, mtu mzima, nimetoa pesa zangu kwa mkono wangu nikampa mwizi. Umra sendi. Atakayepigiwa simu na yule bwana wa Mombasa asimpe kitu, aje kwangu kwanza."

Wanaume wakaweka vikombe chini. Hakuna aliyecheka. Jirani yetu, uso bado umelowa, akasogea akasimama ubavuni mwa mama.

"Na mimi," akasema, kwa sauti iliyosikika kwa shida.

Halafu dirisha la juu likafunguliwa, na sauti ya mwanamke ambaye hatukuwa tumemfikia ikatushukia.

"Hata mimi aliniibia. Ningojani. Nashuka."