Klaudia, Mzalishaji wa Migomba

Siku walipomtoa Klaudia kwenye kibanja cha marehemu mume wake kule Rubafu, shemeji yake Rwekaza alisimama mbele ya ukoo mzima, akakohoa, akasema, "Kaka yangu alipanda kwenye jiwe. Sasa ukoo uliachie jiwe shamba la kazi gani?"

Wengine waliinama. Wengine walicheka kwa pembeni, maana rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa imeshapita mikononi mwao tangu asubuhi. Mama mkwe, bibi Anatolia, aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na kikapu cha maharage, akamwekea Klaudia mikononi. "Nenda, mwanangu," alimwambia. "Mimi sina nguvu juu yao." Ndiye pekee aliyemsindikiza hadi barabarani.

Klaudia hakulia njiani. Alikuwa akilirudia lile neno moyoni, kama mtu anayekariri sala ili asije akaisahau.

Katika ndoa yake na Lwakatare alikuwa amekunywa kila mzizi uliochimbwa. Alifanya novena, akalala hospitali, akapigwa picha za tumbo, na daktari akamwambia kwamba haoni kasoro yoyote. Kila alipomwomba mume wake naye akapime, Lwakatare alimshika bega kwa upole na kumwambia, "Tumwachie Mungu." Alikuwa mtu mpole kweli. Klaudia alimzika akimpenda.

Alifikia kwa dada yake aliyeishi Kahororo. Baada ya muda akapata kibarua kwenye kituo cha utafiti wa migomba nje kidogo ya mji. Mwanzoni alipalilia tu. Kisha mtafiti mmoja, Dokta Kagaruki, aliona kwamba mikono yake haina haraka, akamtoa kwenye jembe na kumfundisha kuchavusha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, Klaudia alichukua maua dume ya mgomba pori, ule wenye vindizi vidogo vilivyojaa kokwa nyeusi, ngumu kama changarawe. Aliegemeza ngazi kwenye mgomba wa ebitoke, zile ndizi za kupika, akapanda hadi kwenye ua lililofunguka siku hiyo, akapaka chavua ya yule dume kwenye vidole vya jike kimoja kimoja, akafunika na mfuko ili nyuki wasije wakaleta chavua nyingine. Mkungu ulipokomaa, uliivishwa, ukamenywa, ukapondwa, ukachujwa. Mara nyingi hakukuwa na kitu. Walipata uji wa ndizi tupu. Mikungu mingi ilipita hivyo kabla mtu hajapiga kelele kwamba amegusa mbegu moja.

"Kwa nini ebitoke hazizai mbegu?" Klaudia alimuuliza Kagaruki siku moja. "Zimelaaniwa?"

Kagaruki alicheka, lakini si kwa dharau. Alikaa kwenye ngazi ya chini akamweleza. "Ndani ya kila seli ya kiumbe kuna nyuzi zinazobeba urithi wake, tunaziita kromosomu. Wewe unazo seti mbili, moja ya baba, moja ya mama. Ukitaka kuzaa, huwezi kumpa mtoto zote mbili, na mwenzako naye akampa zote mbili, maana kila kizazi kingekuwa na mzigo mara dufu ya kilichotangulia. Kwa hiyo mwili hupunguza kwanza. Kromosomu hujipanga mbilimbili, ya baba ikikabiliana na ya mama. Zinakumbatiana, zinabadilishana vipande, kisha zinaachana, kila moja upande wake. Baadaye seli hizo hugawanyika tena. Yai linabaki na nusu, mbegu ya kiume nusu, na zikikutana, nusu na nusu inakuwa mtu mzima. Ndiyo maana wewe na dada yako hamfanani, ingawa mmetoka tumbo moja. Kila yai limechanganywa upya."

"Na ebitoke?"

"Ebitoke zina seti tatu. Hebu fikiria ngoma ya kucheza wawiliwawili, halafu wamekuja watatu. Wawili wakishikana, wa tatu anatangatanga. Mgawanyo unavurugika, yai zima halipatikani, ila mara mojamoja kwa bahati. Ndiyo maana babu zetu walipanda machipukizi tu, na chipukizi ni mama yule yule, hajabadilika hata kidogo. Ugonjwa ukimweza mmoja, umewaweza wote."

Klaudia aliitikia kwa kichwa. Maelezo hayo aliyashika sawasawa, kwa sababu alikuwa akiifikiria ndoa yake, si migomba.

Mbegu chache zilizopatikana zililelewa maabara. Watoto wa kwanza walikuwa na nguvu lakini ndizi zao hazikulika. Wakachanganywa tena na dume mwingine, wakapaliliwa, wakachaguliwa. Mwishowe kukapatikana mgomba ambao bungua, yule mdudu anayetoboa shina kwa chini, hakuuweza. Ndizi zake zikipikwa zilikuwa laini, zenye rangi ya kupendeza, na wazee walioonjeshwa waliomba kuongezwa.

Miche ya majaribio ilipelekwa sehemu mbalimbali, na mojawapo ilikuwa Ngenge, wilayani Muleba. Klaudia alitumwa huko kuonyesha namna ya kupanda. Mwenyeji wao alikuwa mama mmoja mnene, mchangamfu, aitwaye Kezia, mke wa Limbu, Msukuma aliyekuwa akichuuza dagaa kutoka visiwani. Watoto wake watano walikuwa wakubwa tayari. Wawili wa kiume ndio waliochimba mashimo.

Wakati wa chai Kezia aliuliza, "Wewe mwenyewe ni wa wapi?"

"Nilikuwa nimeolewa Rubafu. Kwa marehemu Lwakatare."

Kezia aliweka birika chini taratibu. "Kwa akina Rwekaza?"

"Huko huko."

"Basi mimi ndiye niliyekutangulia."

Klaudia alimtazama. Alipoolewa alikuwa ameambiwa kwamba mume wake aliwahi kuishi na mwanamke kabla yake, malaya mmoja aliyetoroka na mvuvi. Hakuwahi kuambiwa jina.

"Sikutoroka," Kezia alisema. "Nilifukuzwa. Walisema sizai. Nikasema tukapime wote wawili, la sivyo nakwenda kwa padri. Tukaenda, na Rwekaza akatusindikiza. Daktari alituita pamoja. Mimi sikuwa na tatizo. Lwakatare hakuwa na mbegu hata moja. Alipokuwa kijana aliugua matubwitubwi, yakashuka hadi chini, akavimba. Daktari alisema hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tukiwa njiani kurudi, Rwekaza akanishika mkono hapa, akaniambia, neno hili likitoka mdomoni mwako, utanitambua. Wiki hiyo hiyo nguo zangu zikatupwa nje. Wewe uliletwa mwaka uliofuata?"

"Mwaka uliofuata," Klaudia alijibu.

Alitoka nje, akasimama nyuma ya tangi la maji, akaiuma khanga yake ili asipige ukelele. Rwekaza alijua. Alijua siku ile ya kikao aliposema lile neno la jiwe. Na Lwakatare alijua pia. Alimtazama mkewe akinywa mizizi michungu hadi anatapika, akamfuta mdomo, akamwambia wamwachie Mungu.

Aliporudi kituoni alimuuliza Kagaruki kuhusu matubwitubwi, kana kwamba anauliza kwa niaba ya jirani. Kagaruki alimwambia kwamba ule ugawaji aliomweleza kwenye migomba, kwa mwanamume hufanyika ndani ya korodani, na seli moja hutoa mbegu nne, kila moja ikiwa na nusu. "Ugonjwa ukiunguza pale, kwa wengine kazi hiyo hukoma. Anabaki mwanamume kwa kila kitu, sauti, ndevu, nguvu, ila mbegu hamna. Na si kosa lake."

"Si kosa lake," Klaudia alirudia. Jioni hiyo aliigeuza picha ya mume wake itazame ukuta.

Kuanzia hapo alingoja. Hakuwa mtu wa kutupa mawe juu ya bati. Habari zilipomfikia kwamba bungua wameingia Rubafu, kwamba kwa Rwekaza migomba inaanguka hata bila upepo, alikula vizuri kuliko siku zote. Na kituo kilipotangaza siku ya wakulima huko huko Rubafu, kwenye kibanja cha Rwekaza mwenyewe, kile alichokitwaa kwa marehemu kaka yake, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa kikundi na shamba lake ndilo lililoharibika zaidi, Klaudia aliomba kwenda. Kisha akampigia simu Kezia.

Rwekaza aliwapokea wageni kwa meno yote. "Shemeji! Karibu nyumbani."

Zamani Klaudia alikuwa akipiga magoti kumwamkia. Safari hii alimpa mkono akiwa amesimama wima, na watu waliona.

Uwanja ulijaa. Bibi Anatolia aliletewa kiti mbele, macho yameingia ukungu, lakini alimtambua Klaudia kwa sauti, akamshika vidole na kuvibusu. Hapo Klaudia alisita kidogo. Kisha akamwona Rwekaza akicheka na wageni, akielekeza mahali pa kuweka meza, juu ya ardhi ambayo Klaudia ndiye aliyeilima.

Kagaruki alizungumza kwanza, kisha akampa nafasi Klaudia aonyeshe ua. Klaudia alipasua kindizi cha mgomba pori, akakipitisha, watu wakashangaa zile kokwa. Akawaeleza jambo la seti mbili na seti tatu, na wacheza ngoma, na wote wakamwelewa.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo ebitoke ikikosa mbegu, mwenye kasoro ni jike?"

"Kwa ebitoke, mara nyingi ni jike," Klaudia alisema. "Kwa watu inaweza kuwa yeyote. Mtoto ni nusu ya mama na nusu ya baba. Nusu moja ikikosekana, hakuna mtoto, hata ile nyingine iwe nzima namna gani. Katika kibanja hiki niliitwa jiwe. Aliyetangulia kabla yangu naye aliitwa hivyo hivyo. Kezia, simama."

Kezia alisimama akiwa na vijana wake wawili, warefu kama milango. Minong'ono ikapita uwanjani, wapo waliomkumbuka.

"Hawa amewazaa yeye," Klaudia alisema. "Rwekaza, waambie watu daktari alisema nini siku ile mlipokwenda watatu."

Rwekaza alijaribu kucheka. "Dokta, huyu mama anaumwa. Tuendelee na migomba."

"Sema, shemeji. Ulikuwepo."

"Usimchafue marehemu!" Rwekaza alipiga kelele.

Kwa maneno hayo alikuwa amekwisha kukiri, na kila mtu alilielewa hilo. Kezia alimalizia mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: matubwitubwi, kipimo, mkono uliokamatwa njiani. Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa nguvu, "Na ulimfukuza mjane kwa neno unalojua ni uongo?" Wengine wakadakia. Rwekaza alimtafuta mtu wa kumtetea, akageuza uso huku na huku, hakuna aliyemwangalia. Klaudia alimtazama mpaka akashiba. Alikuwa ameiota saa hiyo kwa miaka, na ilikuwa tamu vile vile alivyoiota.

Ndipo bibi Anatolia alipoinuka. Aliipapasa hewa hadi akapata fimbo yake. "Mwanangu yuko kaburini hapo nyuma," alisema taratibu, "nanyi mmemvua nguo mbele ya kijiji." Hakumtaja Klaudia jina. Aliondoka kuelekea ndani, na hakukubali kushikwa mkono.

Kesho yake Kagaruki alimkataza Klaudia kusimama tena mbele ya wakulima, atabaki kwenye ngazi na maua. Klaudia alikubali, hakuomba radhi.

Mambo ya Rwekaza yalikwenda mrama. Kikundi kilichagua mwenyekiti mwingine. Akifika kwenye rubisi, mazungumzo yalikatika. Parokiani aliacha kusoma masomo, mwenyewe, bila kuambiwa. Wazee wa ukoo, wakiogopa kwamba Klaudia angekwenda mbele zaidi, waliketi tena na kumrudishia nusu ya kibanja, ule upande wenye mibuni. Wengine walimshauri akatae kwa heshima. Alikubali siku hiyo hiyo. Akajenga kijumba, akapanda migomba mipya, na kati yake na Rwekaza akapanda ua wa miti, mnene, usiopitisha hata kuku.

Kila jirani aliyekuja kuomba mche alipewa. Msimu mmoja Rwekaza naye alikuja, kofia mkononi.

"Shemeji, nakuomba machipukizi mawili tu. Kwangu hakuna cha kula."

Machipukizi yalikuwa yamepangwa nyuma ya Klaudia, yamekwisha kung'olewa, udongo ukiwa bado mbichi.

"Yamekwisha," Klaudia alisema.

Rwekaza aliyatazama. Klaudia naye aligeuka, akayatazama pamoja naye, kisha akamrudishia macho. Rwekaza akavaa kofia, akaenda zake. Baadaye alipata mche kwa jirani mwingine, na Klaudia alijua, lakini hilo halikumsumbua. Alichokitaka alikuwa amekipata pale mlangoni.

Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Mkungu wa kwanza ulipokomaa aliukata, akauchagulia majani mazuri, akampa Vestina, mke wa jirani, ampelekee bibi Anatolia. Vestina alirudi nao kichwani.

"Amesema nini?" Klaudia aliuliza.

"Ameupapasa. Akauliza umetoka kwa nani. Nilipomwambia, akasema niurudishe ulikotoka."

Klaudia aliupokea, akaketi jikoni, akamenya ndizi zote, akapika na maharage, akala peke yake. Mkungu wa pili ulipokomaa alimwita tena Vestina, akamtwisha.

"Akikataa?" Vestina aliuliza.

"Utaurudisha," Klaudia alisema. "Na wa tatu nitakutwisha pia."