Gunia la Debe Sita

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa watu binafsi, nilikuwa nafundisha hesabu darasa la sita huko Masanze, Kilosa. Kuzidisha na kugawanya watoto walikuwa hawana shida nako, mradi namba ziwe tupu. Ukizifungia ndani ya hadithi, ukawaambia hili ni fumbo, nusu ya darasa inaangalia dari.

Binti mmoja tu, mtoto wa mkulima jirani yangu, mafumbo kwake yalikuwa chakula. Nikajiapiza: huyu la saba lazima afaulu, aende sekondari, hata ikibidi nimfundishe barazani kwangu kila jioni. Na nilimfundisha kweli.

Siku moja nikaandika ubaoni: mkulima amevuna debe arobaini na mbili za mahindi, atajaza magunia mangapi? Gunia ni debe sita, nani asiyejua? Jibu ni saba. Yeye akaandika sita.

"Umegawanya kwa ngapi wewe?"

"Kwa saba, mwalimu. Wanunuzi wanajaza lumbesa, zinaingia saba, halafu wanalipa kama sita. Hiyo moja tuiandike wapi?"

Darasa likacheka. Na mimi hasira zangu hazipigi hodi. "Hapa ni shule, si gulio! Gunia ni debe sita. Kaa chini!" Akafuta, akaandika saba. Kumbe aliniamini, maskini.

Msimu wa kuuza ukafika, wanunuzi wakaja na lori lao. Ushirika ulishalegea, ukiwakataa hao, mahindi unawalisha panya. Tulikusanyika nyumbani kwa baba yake, nami nina magunia yangu matatu ya kuuza. Binti ndiye aliyekuwa anapima. Akamimina debe la sita, akaweka debe chini.

"Limejaa," akasema.

Mnunuzi akacheka. "Nani kakudanganya?"

"Mwalimu kasema. Yule pale."

Wote wakanigeukia. Baba yake naye, na jinsi alivyonitazama kwa matumaini, nikikumbuka naona aibu hadi leo. Lilitakiwa neno moja tu. Nikayaangalia magunia yangu, nikaliangalia lori.

"Ongeza moja, mwanangu," nikasema. "Hizo sita ni za shuleni."

Akaongeza. Hakulia, hakununa. Ila barazani kwangu hakuja tena. Nilipomfuata kwao aliniamkia vizuri, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia marahaba, nikamwuliza mbona haji. Akasema ana kazi. Wanasema hasira hasara, lakini yangu haikuwa hasira tu, ilikuwa woga, na hasara akaibeba mtoto.

Mwaka uliofuata akafanya mtihani wa la saba. Majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa, lake halikuwamo. Nilimkuta njiani, nikamwuliza kimemsibu nini mtoto hodari kama yeye.

"Za namba nilifanya zote, mwalimu," akasema. "Mafumbo niliyaruka. Sikujua wanataka jibu la nani."